Nyanya ya Mtafiti

Mtafiti hakuwahi kula chakula changu kabla ya kukipasua. Ukimwekea wali na mgebuka, na pembeni nyanya chungu zilizopikwa kwa mawese, atamsukuma kando yule samaki niliyemgombania mwaloni Katonga tangu alfajiri, achukue nyanya chungu moja kwa vidole, aipasue katikati na kuiinamia. Anatazama mbegu. Anatazama kama nyama yake imebaki nyeupe au imegeuka rangi. Ndipo anaitia mdomoni, polepole, amefumba macho, na mgahawa mzima unamtazama yeye. Siku za mwanzo nilidhani anatafuta wadudu. Nikamwambia, "Dada, kama umezoea kukuta wadudu, ni huko ulikotoka, siyo kwangu." Akafumbua macho akaniuliza nyanya hizo nimezinunua kwa nani, na bustani ya huyo mtu iko upande gani wa Ujiji.

Sasa hayupo, na watu wa kwao wameniomba niseme habari zake, kwa kuwa niliishi naye ukuta kwa ukuta. Alizaliwa lini na ukoo gani, waulizeni wenyewe wa ukoo. Mimi namjua yule aliyepanga nyumba nyuma ya mgahawa wangu hapa mtaani Mwanga, aliyekuwa akiondoka asubuhi kwenda kituo cha utafiti wa mboga nje kidogo ya mji na kurudi jioni na matope mpaka magotini. Alinizidi umri kiasi cha kumwamkia, lakini alikataa shikamoo yangu. Alisema mpishi wake hawezi kumwamkia, atakosa hamu ya kula. Basi nikamwita Dada, yeye akaniita Jirani, na mtaa mzima ukamwita Mtafiti. Watoto waliporudi shule walipiga kelele, "Shikamoo Mtafiti!" naye akaitikia marahaba kama jina alilobatizwa nalo.

Alikuwa na jibu moja kwa maswali yote: "Bado sijajua." Ukimuuliza kama mvua itanyesha, bado hajajua. Ukimuuliza kama chai iongezwe sukari, bado hajajua, niilete kwanza aonje. Mzee mmoja wa kanisani kwake, mjane, mtu mwenye heshima zake na shamba la michikichi, alimtuma mke wa mchungaji aje aulize kama Mtafiti angekubali kuolewa. Nilikuwepo, nilikuwa nachambua mchele. Mtafiti alifikiri kwa uaminifu kabisa, akasema, "Mwambieni bado sijajua." Alikuwa amepita miaka hamsini. Yule mzee alisubiri weee, mwisho akaoa kwingine, na Mtafiti akaenda harusini akapasua nyanya chungu za watu kwenye sahani ya pilau. Nilitamani ardhi inimeze.

Kazi yake ndiyo hiyo hiyo, nyanya chungu. Mtu wa mbali atacheka, atauliza serikali inamlipaje mtu mzima na shahada zake ahangaike na mboga ya pembeni ya sahani. Lakini sisi tunajua. Mahindi na maharage unalima ule. Mboga unalima uuze, na pesa ya mboga ni ya mama, baba haiulizii. Tatizo ni kwamba zile za kwetu za zamani hazikwenda popote. Zilikuwa ndogo, za kijani, chungu mpaka mtoto analia, na ngozi yake ilipasuka kabla gari halijamaliza milima. Mtu wa Dodoma akionja moja tu, hakununua tena. Mtafiti alitaka kupata nyanya chungu nyeupe, kubwa, yenye ngozi ngumu, na uchungu uliopungua mpaka mgeni aweze kuipenda. Alinieleza hapo kwenye benchi langu jinsi anavyochukua unga wa ua la mmea huu na kuupaka kwenye ua la mmea ule kwa brashi ndogo, kisha analifunika lile ua kwa kimfuko cha karatasi ili nyuki asije na unga mwingine akaharibu. Mbegu zikipatikana anapanda, anaonja, anatupa nyingi, anabakiza chache, anaanza upya.

Kuonja kulifanyika kwangu. Alileta mabeseni, nikapika kila aina kwenye sufuria yake, bila chumvi, bila kitunguu, na wateja wakapewa vipande na maji ya kusukutua. Wavuvi walipenda sana siku hizo. Kulikuwa na baba mmoja wa Katonga aliyesifu kila kilichopita mbele yake, hata ungempa sufuria tupu angeisifu. Mtafiti alimsimamia kichwani: "Usinisaidie, baba. Onja." Baba akasema ameonja, ni nzuri sana. "Ipi?" Zote. Mtafiti akamnyang'anya kijiko mbele ya watu. Nilimkemea baadaye kwamba ananifukuzia wateja, akasema mteja wa namna hiyo anaweza kuharibu kazi ya miaka. Hakuwa na dogo katika jambo hilo. Ukikanyaga kati ya mistari ya bustani yake kituoni utasikia maneno ambayo mtu wa kwaya hapaswi kuyajua, na dereva wa lori aliyepanga magunia ya nyanya chungu chini ya magunia ya mihogo aliyateremsha yote akayapanga upya, huku akitukanwa kwa Kiha.

Lakini mwanamke huyo huyo, nyumbani kwake huwezi kupata vikombe viwili vinavyofanana. Mbegu zilimwagika kwenye kona, viatu vilikuwa chini ya meza, na sufuria alikuwa akiziunguza akiwa amesimama mbele yake. Na jambo lililonichekesha kuliko yote ni kwamba zile nyanya zake tamu hakuzipika kamwe nyumbani. Jumapili, boti za kutoka Mwamgongo, kijijini kwao, zikifika gati la Kibirizi, alikuwa na kikapu chake kilichofunikwa majani ya mgomba, ametumiwa na mama yake. Ndani kuna zile za zamani, ndogo, za kijani. Alizipika kwa mawese na dagaa, nyumba yake ikanukia mpaka kwangu, akazila peke yake akitokwa jasho.

"Watu unawalisha tamu, wewe unakula chungu," nikamtania.

"Ile ni kazi, Jirani," akasema. "Hiki ni chakula."

Mbegu yake ilipokubalika, ilikimbia. Wanawake wa Ujiji walilima, wa milimani wakalima, kila nyuma ya nyumba palikuwa na ile miti mifupi yenye matunda meupe. Hakuna aliyeita jina lile lililoandikwa kwenye pakiti, iliitwa Nyanya ya Mtafiti. Niliona kwa macho yangu mama mmoja sokoni anamkumbatia na kumwonyesha binti yake aliyevaa sare mpya. Mtafiti alisimama pale mikono imening'inia, hajui aiweke wapi. Alirudi kwangu akanywa chai yenye sukari nyingi bila kulalamika. Nafikiri hiyo ndiyo siku niliyomwona na furaha kamili.

Aliyebaki kumsifu alikuwa mama yake. Huyo nilimwona mara chache alipokuja mjini kutibiwa macho, mwanamke mfupi, mkavu wa maneno, mtu wa bustani na kwaya. Mtafiti alimpelekea mbegu mpya mwenyewe, kwa boti, amezifunga kwenye khanga ya zawadi. Alikuwa amejiandaa kabisa kusifiwa, aliniambia. Msimu ulipofika mama akapika, akaonja, akasema, "Hiki ni chakula cha watoto." Basi. Hakuongeza neno. Mtafiti alinisimulia akicheka, lakini alinisimulia mara nyingi mno kwa kitu cha kuchekesha.

Zile mbegu mama alizipokea jinsi wanavyopokea kwao, yaani alizimimina kwenye kibuyu kilichoning'inia juu ya moshi wa jiko, pamoja na zake za siku zote. Mbegu ya mgeni hawaitengi. Kuitenga ni kama kumwambia aliyeileta akalale nje. Mtafiti amekua akiona hivyo, na kazini kila siku alikuwa akiwafundisha akina mama watenge, hii chombo chake, na ile chombo chake. Siku ile alisimama jikoni kwa mama yake akaangalia mbegu zake zikimiminwa, akanyamaza. Angefanyaje? Amwambie mama yake asiipokee zawadi yake vizuri?

Baada ya hapo hakuna aliyefanya ubaya wowote. Kila msimu wanawake walichagua matunda ya kuacha yaive kwa ajili ya mbegu, na walichagua yale yaliyouzika, makubwa meupe. Zile ndogo za kijani zilipungua kibuyuni, na hizo chache zilizobaki bustanini nyuki walizipelekea unga wa zile kubwa. Vikapu vya Jumapili vikaanza kuja vimechanganyika. Kisha mama akafariki, vikakoma kuja.

Mnyauko uliingia mwaka wa mvua nyingi. Unaamka asubuhi unakuta mmea umelegea, jioni umelala, na majani bado ni ya kijani. Mtafiti alikuja mgahawani na mashina ya watu, akachukua glasi zangu za maji mezani bila kuomba, akasimamisha shina lililokatwa ndani ya maji. Baada ya muda mfupi uzi mweupe ukaanza kushuka kutoka kwenye shina, kama maziwa. Wateja wakaacha kula. "Ndiyo wenyewe," akasema. Ugonjwa uko kwenye udongo, hauna dawa, na ukishaingia bustanini hautoki. Yule mama wa sare mpya alipoteza bustani yote. Alikuja kulia kwangu, siyo kwa Mtafiti, alisema anamwonea haya.

Nilimuuliza Mtafiti kwa nini za zamani hazikuwa zikifa hivi. Kwa mara ya kwanza hakuniambia kwamba bado hajajua. Alisema za mama yake zilikuwa zikisimama kwenye udongo huo huo mgonjwa, na yeye alikua akiziona zimesimama, lakini hakujiuliza. Alipokuwa akiupunguza uchungu, msimu hadi msimu, ile nguvu nayo ilikuwa ikiondoka, na asingeweza kuiona ikiondoka kwa sababu udongo wa kituoni ulikuwa safi. Sasa alihitaji kuipata tena ile chungu halisi, aichanganye na ya kwake, arudishe nguvu. Akiba ya mbegu za zamani iliyokuwa kituoni ilikuwa imeharibika siku nyingi, jokofu lilizimika wakati wa shida ya umeme, na mbegu alizozipanda kutoka humo hazikuota hata moja. Kwa hiyo mahali pa kuitafuta palikuwa kwao.

Nilimsindikiza Mwamgongo. Wifi yake, mke wa kaka yake, alitupokea kwa ugali na samaki, akashusha kibuyu kile kile cha mama, akamimina mbegu kwenye ungo. Zilijaa ungo, zote zinafanana.

"Za mama ni zipi?" Mtafiti akauliza.

"Zote zimo humu. Za mama na zako."

"Wifi, kwa nini mlizichanganya?"

Wifi alishangaa kweli, wala hakuwa na kejeli. "Si wewe ndiye uliyezileta, Mtafiti? Mbegu ya mtoto wa nyumbani tungeiweka wapi?"

Tulizunguka nyumba kwa nyumba, tukipanda na kushuka vilima vile, yeye akionja mbichi, anatafuna, anatema, anatikisa kichwa. Zile za kibuyuni alizibeba zote akazipanda kituoni kwenye kitalu alichokitia udongo wenye ugonjwa. Zililala zote. Vijana wa kituoni walisema alibaki amesimama pale mpaka wakamfuata na mwavuli.

Akastaafu. Kisha tumbo likaanza kumuuma, akapelekwa hospitali ya Bugando, akarudi amekonda, na madaktari wamesema maneno ambayo kwa Kiswahili maana yake ni akapumzike nyumbani. Hata hivyo kila aliyekuja kumwona aliulizwa kuhusu nyanya chungu. Mchungaji alikuja kumwombea, akaondoka ameagizwa aulizie kwa waumini wa Kagunga. Ilinikera, nakiri. Nilimwambia, "Dada, tubu dhambi zako, achana na mboga." Akasema dhambi yake ndiyo hiyo mboga. Wala hakuwa akitania.

Habari ilikuja kwa mwanamke mchuuzi wa dagaa pale Katonga. Alisema kwao Kagunga, juu kabisa ya kijiji, kuna bibi aliyekuja zamani na wakimbizi kutoka Burundi akabaki, ana intore, ndivyo wanavyoziita nyanya chungu, kali hata wajukuu zake hawazili. Nilifunga mgahawa, jambo ambalo sikulifanya hata nilipofiwa na shemeji, nikapanda boti Kibirizi. Mimi maji siyapendi. Nilikaa chini katikati ya magunia nimefumba macho mpaka Kagunga, wanaume wakinicheka.

Bibi alinipokea vizuri. "Amahoro, mwana wanje," akanisalimu kwa lugha ya kwao, akaniketisha kwenye mkeka, akanionyesha miti yake nyuma ya nyumba. Matunda madogo, ya kijani. Nikauma moja. Ilinikunja uso mzima, bibi akacheka mpaka akashika mbavu. Ndipo nilipoona pengo kwenye mstari, na mti mmoja umelegea.

"Huo umefanya nini, bibi?"

"Mingine inalala. Siku hizi inalala tu."

Nikamuuliza mbegu alizipata wapi. "Ni za Mwamgongo," akasema. Kulikuwa na mama mmoja wa kwaya ya huko, mfupi, alikuja na wenzake kuimba Kagunga. Alikuwa na mbegu amezifunga kwenye ncha ya khanga, akawagawia wanawake wote waliopika siku ile. Bibi alizimimina pamoja na zake alizokuja nazo kutoka kwao. "Alijisifu yule mama! Alisema, 'Hizi ni za mwanangu. Amezitengeneza mwenyewe, ni mtafiti. Zipandeni kila mahali.'"

Sikutaka kulifikiria jambo hilo. Ulimi wangu ulisema chungu, na mimi ni mpishi, nalipwa kwa ulimi wangu. Nikachukua za kijani za kupika na chache zilizoiva za mbegu, nikamshukuru bibi, nikarudi nimezipakata.

Nilizipika mchana, nyumbani kwake, kwa mawese na dagaa, bila kubadili kitu. Harufu ilipomfikia akaomba ale akiwa amekaa, siyo amelala. Nikamwegemeza kwa mito. Akachukua moja kwa vidole, akaipasua, akaitazama kwa muda mrefu sana, kisha akaila amefumba macho. Sikuweza kuvumilia.

"Chungu," nikasema.

"Chungu," akakubali.

Akachukua ya pili. Akatafuna mpaka nikadhani amesahau kumeza. Kisha akaiweka sahani mapajani.

"Mwishoni kuna utamu," akasema. "Unakuja nyuma, kidogo tu. Wewe huwezi kuusikia."

Kweli sikuwa nimeusikia, wala sijausikia hadi leo.

"Ni wangu huo, Jirani. Niliutafuta nusu ya maisha yangu. Sasa umeshaingia hata humu, na mimi sina tena miaka ya kuutoa."

Nikamwambia vijana wa kituoni watautoa, wamesoma, wana vifaa. Akanipigapiga mkono, kama anayembembeleza mtoto, nikaona aibu kwa kumpa maneno matupu. Halafu akauliza kile nilichoomba njia nzima asiulize.

"Huyo bibi mbegu alizipata wapi?"

Ningeweza kusema sokoni. Ningeweza kusema hajui. Lakini mtu huyu maisha yake yote alikuwa akiwaambia watu wasimsaidie, na nilimwogopa bado, hata akiwa mifupa mitupu kitandani. Nikamwambia. Mama yako alizipeleka, siku za kwaya, amezifunga kwenye khanga. Aliwagawia wote. Alisema ni za mwanangu, amezitengeneza mwenyewe, zipandeni kila mahali.

"Alisema za mwanangu?"

"Ndivyo alivyosema bibi. Alisema mama alijisifu."

Mtafiti aligeuza uso ukutani akalia. Alilia kwa sauti, mtu ambaye hata msibani kwa mama yake alisimama kavu akigawa chai. Sikujua analilia lipi, na sikuuliza. Mama aliyemsifu na mama aliyeimaliza ile mbegu mpaka Kagunga alikuwa mmoja, na sikuona njia ya kumfariji kwa huyu bila kumuumiza kwa yule. Nilimshika bega. Mawese yakaanza kuganda pembeni mwa sahani, nikaitoa mapajani mwake ili isimwagike.

Alipotulia, alijifuta uso kwa kona ya shuka, akaniambia nimrudishie sahani yake. Akala mpaka zikaisha.